Pikapu ya Mkwe na Mafuta ya Ufuta

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mkwe kaniletea pikapu. Mwenyewe! Kaiendesha kutoka Ruangwa mpaka hapa Nachingwea, shati limeloa mgongo mzima. Usukani mzito. Kona ya kuingia gereji kaikata kwa mafungu: kaanza, kapumzika, kamalizia.

Mzee Saadi ni mjomba wa mke wangu Amna, na kwetu Wamwera mjomba wa mke ndiye mwenye neno. Kiwanja cha gereji hii ni chake. Nimekikalia miaka tisa kwa sababu moja tu, kwamba nilimwoa Amna. Mkwe wa namna hiyo hatazamwi machoni. Hahojiwi. Akiwa na la kuniambia anamwambia Amna, kisha Amna ananiambia mimi, hata kama wote watatu tumekaa mkeka mmoja.

Leo tulikaa mkeka mmoja. Mzee kasema, Amna kafikisha: korosho zimejaa shambani kwake Chunyu, zinatakiwa ziingie ghalani kabla ya mnada wa kwanza, na bega lake la kulia haliwezi tena kupigana na usukani huu. Pikapu iwe Ruangwa Ijumaa, inaendeshwa na mtu mzima bila kulia. Ikishindikana, Jumapili ukoo unakaa na kiwanja atapewa Sikuzani, ambaye ameshakiomba mara mbili.

Sikuzani! Fundi wa kike wa ng'ambo ya barabara. Ana kibanda cha bati na daftari. Gari likiingia kwake anauliza maswali na kuandika majibu. Nauliza mimi, fundi gani anakaa kuandikaandika? Fundi ni sikio. Niliwasha pikapu, nikainamisha kichwa kwenye boneti, nikahesabu pumzi tatu. Pampu ya stelingi imekufa! Nimelitamka kwa sauti ili lifike ng'ambo ya barabara.

Mkwe karudi Ruangwa kwa basi. Amna kaniuliza kama nimemwuliza mjomba wake tatizo lilianza lini. Nikamkumbusha kwamba mkwe hahojiwi. Akasema yeye angeweza kumwuliza kwa niaba yangu. Nikamwambia gari limeshajieleza lenyewe.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimeifungua pampu. Saa nne nzima za spana, na ngozi ya vidole viwili imebaki kwenye injini.

Pampu nzima! Haina mkwaruzo. Nimeitikisa, nimeinusa, nimeizungusha kwa mkono, ikazunguka kwa dharau. Mkanda wake nao mzima. Sijakata tamaa. Kuna pampu zinazojifanya nzima zikiona fundi.

Tatizo dogo limejitokeza. Wakati wa kufungua, mafuta yote ya stelingi, yale mekundu yanayolainisha usukani, yalimwagika mchangani. Sikuwa nimeweka karai chini. Nani anaweka karai chini akiwa na haraka? Nimekwenda kwa Kipriani, mwenye duka la spea, kutafuta kopo jipya. Hana. Kasema msimu wa korosho umefika, madereva wa malori ya kenta wamebeba makopo yote, mzigo mwingine unatoka Lindi Jumamosi. Nikamwambia Jumamosi mimi nitakuwa nimeshachelewa. Akacheka, halafu akasema makopo mawili ya mwisho aliuza wiki jana kwa Sikuzani. Kumbe yule mwanamke aliandika kwenye daftari kwamba msimu ukianza mafuta huadimika.

Nyumbani Amna kasema jambo lenyewe ni jepesi, nivuke barabara nikaombe kopo moja. Nikaombe kwa Sikuzani? Thubutu! Asimame pale na kalamu aandike kwamba Kaimu kaja kuomba? Bora nilale njaa mwezi mzima. Amna kasema hakuna aliyenitaka nilale njaa, na kwamba barabara ile ina upana wa hatua kumi.

Jumatano, 9 Oktoba

Akili yangu! Wakati mwingine inanishangaza mwenyewe.

Nimeamka nikijiuliza swali rahisi. Mafuta ya stelingi yanafanya nini? Yanateleza na yanasukuma. Basi. Na ni mafuta gani yanayoteleza kuliko yote hapa kusini? Amna anakamua ufuta nyumbani kwa mashine ya mkono na kuuza mafuta yake sokoni kwa chupa. Ya rangi ya dhahabu, mepesi, safi, hayana kemikali ya mtu. Wilaya nzima inalima ufuta, halafu sisi tunangoja makopo kutoka Lindi? Huu ni utumwa.

Amna alipokwenda sokoni nikachukua dumu lake dogo. Nimerudisha pampu, nimemimina mafuta mpaka kwenye mstari, nimewasha. Nilikuwa bado sijaishusha pikapu kwenye jeki, tairi za mbele zinaning'inia. Nikazungusha usukani kwa kidole kimoja. Kidole kimoja! Kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho. Nilipiga vigelegele kama mwanamke, na sioni aibu kuandika hivyo.

Kelele zile zilimvusha Sikuzani barabara. Kasalimia vizuri, hilo siwezi kumnyima. Kaangalia chini ya gari, kisha kaniuliza kwa upole, Kaka Kaimu, mzee huwa anaendesha njia zipi, na upepo wa tairi nimeupima? Nikamjibu kwamba mimi natengeneza stelingi, viatu vya gari aende akapime yeye. Akasema sawa. Akanusa hewani, akauliza kama kuna mtu anakaanga kitu. Nikasema majirani. Akarudi kwake, na mimi nikahesabu ushindi.

Amna karudi, kaona dumu halipo. Nimemweleza kwamba limekwenda kumtumikia mjomba wake. Kisha akachukua simu yake akatoka nayo nje, akaongea na mtu huko nyuma ya nyumba. Nadhani anajisifia kwa dada zake.

Alhamisi, 10 Oktoba

Niandike yote, maana mbele ya safari kuna watu watasimulia vibaya.

Asubuhi nimeishusha pikapu kwenye jeki. Usukani mzito tena. Mzito kuliko Jumatatu! Nilijua sababu papo hapo: mafuta ya ufuta hayajapata joto. Nikawasha, nikauvuta usukani mpaka mwisho wa kulia, nikaukaza hapo kwa mikono miwili, injini inanguruma, ili yachemke. Pampu ikalia. Nikaiacha ilie, kwani hata mtoto akilia ndiyo anapanua mapafu. Halafu nikashika njia ya Ruangwa.

Kilomita chache nje ya mji, harufu ya kashata ikaingia ndani. Nikafurahi. Kisha moshi. Nikafurahi kidogo. Nikafungua boneti, povu linatoka kwenye kitangi cha mafuta ya stelingi kama sufuria ya maziwa iliyosahaulika. Nikalifuta na shati, nikaendelea. Kwenye kona iliyofuata nikaukaza tena usukani mpaka mwisho, na pale mpira wa presha, ule unaopitisha mafuta ya stelingi, ukapasuka. Pah! Mafuta yote chini. Usukani ukawa jiwe.

Nikasimama katikati ya njia. Si mimi niliyeziba njia, maana mbele yangu ng'ombe wa Mzee Kashinje walikuwa wanavuka. Kashinje ni Msukuma, kahamia huku na familia yake miaka ya karibuni, anachunga kando ya njia ya Ruangwa. Nikashuka kumpa salamu. Nageuka, ndama wawili wanalamba tairi langu la mbele! Wanalamba na chuma cha chini, mikia inacheza. Nikawafukuza, wakaja watano.

Kashinje akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye tairi, akaonja. Akaniuliza, mwanangu, hili gari unaliendesha au unalipika? Nikamweleza kuhusu uvumbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mtu mwenye adabu kabisa. Kisha akasema kwao anafuga maksai wa kulimia, na maksai akigoma kugeuka, kitu cha kwanza unamwangalia miguu. Nikamwambia gari si ng'ombe. Akakubali kwamba ng'ombe ana faida, anasikia akiambiwa.

Akawaachia wanawe mifugo, akapanda kiti cha pembeni. Hivyo ndivyo tulivyofika Ruangwa: mimi nimeshika usukani upande wangu, yeye kaushika upande wake, na kila kona tunaivuta pamoja kwa kuhesabu. Kashinje aliposhuka alinipa mkono, akasema amewahi kusaidia kuzalisha ng'ombe na haikuwa kazi kubwa hivi.

Sijashindwa. Kesho ndiyo Ijumaa. Nimelala kwa rafiki, sijamwonyesha mkwe gari. Mpira uliopasuka nimeufunga kwa tyubu ya baiskeli, mizunguko kumi na nne, na mafuta yaliyobaki kwenye dumu nimeyamimina yote.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku mbaya. Lakini si kwa kosa langu lote.

Nimefikisha pikapu kwa Mzee Saadi asubuhi, kama alivyotaka. Ijumaa ni Ijumaa! Nikasimama kando, macho chini, ufunguo nikauweka juu ya kiti nisimpe mkononi. Akapanda. Kanzu nyeupe, anakwenda kwanza kuijaribu halafu msikitini. Usukani ulimtii mpaka kwenye geti. Mpaka kwenye geti! Hilo naomba likumbukwe.

Kwenye kona ya kwanza tyubu ikaachia. Mzee akavuta usukani kulia. Pikapu haikwenda kulia. Ilikwenda mbele, polepole sana, ikaingia kwenye ua wa mabua wa jirani, ikasimama ndani ya jiko. Hakuna aliyeumia. Kuku mmoja alikasirika. Jirani akatoka na mwiko mkononi, akanusa, akauliza nani anapika ufuta kwenye jiko lake bila ruhusa.

Mzee Saadi akashuka akiwa ameshika bega. Akatoa simu, akampigia Amna, Nachingwea. Mimi nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nasikia kila kitu. Akamwambia Amna amwambie mumewe kwamba bega limeteguka upya. Akakata. Simu yangu ikaita. Amna. Akaniambia kwamba mjomba anasema bega limeteguka upya. Nikamwambia Amna amwambie mjomba pole sana. Akakata. Simu ya mzee ikaita. Akapokea, akasikiliza pole yangu huku ananiona, akamwambia Amna aniambie kwamba korosho hazisombwi kwa pole.

Tukaendelea hivyo mpaka salio la mzee likaisha. Basi tukasimama, ua wa watu katikati yetu. Nilimwona anajaribu kuinua mkono avae vizuri kofia yake, mkono ukakomea kifuani. Nikataka kwenda kumvalisha. Mkwe haguswi kichwa. Roho iliniuma, naiandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Iliniuma dakika kumi hivi. Kisha nikakumbuka kwamba tyubu ile nilipewa ikiwa kuukuu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Basi la asubuhi limemshusha nani? Sikuzani! Na begi la spana, pampu ya upepo ya mguu, makopo mawili ya mafuta mekundu, na mpira mpya wa presha, maana mzigo wa Kipriani uliwahi kufika jana jioni. Kaitwa. Na Mzee Saadi mwenyewe.

Nilitegemea afungue boneti. Hakufungua. Kaomba kiti, kakaa mbele ya mzee, kamwuliza bega linaendeleaje, kisha kaanza kumhoji! Yeye si mkwe wake, anaweza. Usukani ulianza lini kuwa mzito? Ulikuwa unatoka wapi? Ulifanya nini na gari siku ile? Na mzee anajibu! Anajibu kwa raha, mtu anayesema maneno matatu kwa mwezi. Kumbe mwezi wa nane njia ya Chunyu ilijaa mchanga, gari likazama, akafanya wanavyofanya madereva wote wa huku, akapunguza upepo tairi za mbele ili zikanyage mchanga kwa upana. Akapita. Alipofika nyumbani akajaza tena kwa pampu ya baiskeli. Kuanzia hapo usukani ukawa mzito na bega likaanza kuuma.

Sikuzani kapima. Tairi zote mbili za mbele zilikuwa na upepo wa kutosha mpira wa watoto.

Ndiyo. Tairi. Dawa ya pikapu ilikuwa upepo. Lakini sasa, kasema Sikuzani, inabidi kwanza tuondoe chakula. Kamwaga mafuta ya ufuta yote, kaweka karai chini, kasafisha, kafunga mpira mpya, kamimina mafuta mekundu. Akanitaka nikae kwenye usukani nizungushe taratibu kushoto na kulia, nisikaze mwisho, huku yeye anaangalia mapovu yakitoka kwenye kitangi. Nilizungusha vizuri sana. Hewa ikaisha. Akajaza tairi kwa mguu, akashusha gari.

Mzee Saadi kazunguka mtaa mzima kwa mkono wa kushoto peke yake. Kaleta gari, kazima, kacheka. Sijawahi kumwona mkwe akicheka. Ana meno mengi kuliko nilivyodhani.

Kwa uandishi wa haki niseme: kazi hii tumeifanya wawili. Bila mimi kuzungusha usukani, hewa ingetokaje?

Jumapili, 13 Oktoba

Ukoo umekaa. Ruangwa, barazani kwa Mzee Saadi. Mzee kakaa, bega limefungwa kitambaa. Amna kaja asubuhi, kakaa upande wa ukoo wake, si upande wangu. Upande wangu nilikaa mimi.

Nilijiandaa. Niliandaa hoja saba kichwani. Ya kwanza ilikuwa kwamba gari halikufa. Sikufika ya pili. Mzee alimwambia Amna aniambie kwamba kiwanja kinakwenda kwa Sikuzani kuanzia keshokutwa. Nami sifukuzwi. Nitabaki palepale kama msaidizi wake msimu huu wote, na ukoo utakaa tena korosho zikiisha.

Msaidizi! Mimi! Miaka kumi na nane ya spana! Nikamwambia Amna amwambie mjomba wake kwamba huyu mwanamke kanichimba kwa muda mrefu, na kwamba kuna mtu kamfungulia mlango.

Amna hakufikisha. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu hakufikisha. Akanigeukia mbele ya wote, akasema mlango kaufungua yeye. Jumatano, dumu lilipopotea, ndiye aliyempigia Sikuzani simu akamwomba awe tayari kuja Ruangwa akiitwa. Na ndiye aliyemwomba mjomba wake asinifukuze, anibakize chini ya mtu anayejua kuuliza. Akasema mafuta yale hayamwumi. Kinachomwuma ni kwamba miaka tisa ananiona nateseka na magari ambayo wenyewe wangenieleza ugonjwa ndani ya dakika moja, laiti ningefunga mdomo. Wazee wakaangalia miguu yao.

Nilikuwa na hoja sita, lakini hakuna iliyokaa hapo. Tumerudi Nachingwea kwenye basi moja, kiti kimoja. Njiani kaniuliza kama nimekasirika. Nikasema sana. Akanipa nusu ya muhogo wake wa kuchoma, nikaula wote.

Jumanne, 15 Oktoba

Siku ya kwanza ya utawala mpya. Nimefika mapema kuliko yeye, ili ijulikane nani mwenyeji. Sikuzani kahamishia vitu vyake kiwanjani kwa heshima, hakugusa kona yangu. Kanipa daftari langu mwenyewe, lina jalada la bluu. Sheria yake ni moja tu: kabla ya spana, mwulize dereva swali, andika jibu.

Nikasema hewala. Mimi ni mtu mzima, sheria naifuata.

Saa tatu kaingia dereva wa kenta, mgeni, sijawahi kumwona. Gari linavuta kushoto, usukani unatikisika. Sikuzani alikuwa chini ya gari jingine. Akanipazia sauti kutoka huko chini kwamba nianze kwa kumwuliza.

Nikavuta kiti. Nikakaa mbele ya dereva. Nikafungua daftari, nikashika kalamu, nikamtazama usoni bila haraka. Nikamwuliza kama anajua anaongea na nani.

Akasema hajui.

Nikaandika: "Dereva hajui kitu." Nikafunga daftari, nikachukua spana.